Picha Iliyojaa Skrini

Mtaa mzima ulimwita Geuza, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake kilibanana kati ya kinyozi na fundi viatu. Ndani mlikuwa na meza moja, kompyuta moja yenye feni inayokoroma, na ubao alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: TUNAGEUZA VIDEO ZIINGIE POPOTE. Neno hilo la mwisho alilijutia mapema. Ukiwaambia watu popote, wanakuletea popote.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Mtu ana video ya harusi au ya mahafali, anataka aitazame kwenye kile kimashine cha mkononi ambacho watu wa hapo walikiita kitivii, na kitivii hakiitaki. Kitivii kina masharti kuliko mgonjwa wa tumbo. Kinakubali aina moja tu ya faili, tena iwe ndogo, na ukikipa nyingine kinakuandikia kwa herufi nyeupe kwamba hakiitambui. Geuza anaichukua video, anaipitisha kwenye programu yake, anasubiri, nayo inatoka imesinyaa kiasi cha kuingia. Basi.

Ila wateja wake, ewe msomaji, usiwaonee huruma. Video ikigoma ni kosa la Geuza, ikikubali ni akili ya kitivii. Na kilichomtoa nyongo kuliko vyote ni michirizi myeusi. Video za siku hizi ni pana, na kitivii kina kioo cha karibu mraba, kwa hiyo picha ikiingia nzima hubaki mchirizi mweusi juu na mwingine chini. Hilo si siri wala uchawi. Lakini mteja atakishika kitivii chake, atakikunjia uso, aseme, "Fundi, mbona umenibania? Kioo changu ni kizima, picha umeweka nusu." Geuza alieleza mpaka mate yakamkauka. Alichora kwenye karatasi. Alimkunjia mama mmoja leso mbele ya macho yake, na yule mama akasema amemwelewa vizuri sana, sasa amtolee michirizi.

Siku moja yakamfika shingoni. Akaketi, akatengeneza kwenye programu mpangilio mmoja, akauita Jaza. Mpangilio huo uliivuta picha hadi ikajaa kioo juu na chini, na kilichozidi kushoto na kulia ukakikata. Kuanzia hapo malalamiko yakaisha. Hakuna aliyerudi kuuliza kilichokatwa, maana hakuna aliyejua kwamba kilikuwepo. Kila faili iliyoingia kibandani ikapita kwenye Jaza, na baada ya muda Geuza mwenyewe akasahau kwamba upo, kama mtu anavyosahau kwamba amevaa miwani.

Sasa, mganga hajigangi. Mteja msumbufu kuliko wote alikuwa nyumbani kwake, kitandani, na alimwita mwanangu.

Baba yake alikuwa seremala wa milango. Nusu ya milango ya mtaa ule ilitoka mikononi mwake, na mpaka uzeeni hakuweza kupita mbele ya bawaba inayolia bila kusimama. Bawaba moja ya nyumba yake ndiyo iliyomponza. Alikatazwa kupanda stuli, akapanda, akaanguka, nyonga ikavunjika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba ile aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe, na hakuna methali iliyoandaliwa kwa ajili yake.

Geuza, binti yake, aliishi naye. Kaka yake mkubwa, bwana wa ofisi ya maji, aliishi upande wa pili wa mji na mke wake, na ndiye aliyemletea mzee kitivii ili asichoke kutazama dari. Mzee alikigeuzageuza, akakigonga mgongoni kama anayepima ubao, akasema kuna kitu kimoja tu anachotaka kukitazama humo.

"Harusi ya kaka yako," alimwambia Geuza. "Mama yako yumo."

Mama yao alikuwa ameshafariki, na alipokuwa hai alikimbia kamera kuliko watu wanavyokimbia mvua. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, na ndani yake anaonekana kama mtu aliyesomewa mashtaka. Lakini siku ya harusi ya mwanawe hakuwa na pa kukimbilia. Mpiga video alimvuta katikati, naye akateleza akarudi pembeni. Akamvuta tena, akateleza tena. Mwishowe yule kijana akachoka, akamwacha pembeni, na pembeni ndiko alikoonekana harusi nzima: akipanga viti, akimfuta mtoto wa watu makamasi, akimnong'oneza mumewe afunge kifungo. Mzee aliwahi kuiona video hiyo kwenye televisheni kubwa ya kaka, na hakuisahau.

Geuza akaleta faili kibandani. Mara ya kwanza kitivii kilitoa sauti bila picha, na mzee akasikiliza harusi kama taarifa ya habari. Mara ya pili kikatoa picha bila sauti. Mara ya tatu vyote viwili vilikuwepo ila havikuelewana. Mchungaji alifumba mdomo, ndipo sauti yake ikaanza kuhubiri. Mara nyingine mstari wa kompyuta ulitambaa mpaka karibu na mwisho, ukakaa hapo, umeme ukakatika, na Geuza akabaki akitazama kioo cheusi chenye sura yake mwenyewe, sura ambayo hakuipenda.

Hatimaye ikakubali. Aliijaribu pale kibandani huku mteja mwingine akimsemesha, akasikia sauti na midomo vinakwenda pamoja, akaona rangi ziko sawa. Akampelekea mzee jioni hiyo, akamwekea mto mgongoni, akaenda kuosha vyombo akiwa na raha ya mtu aliyemaliza.

"Mwanangu," mzee akaita. "Mama yako hayumo."

"Yumo, baba. Tazama vizuri."

"Nimetazama vizuri. Wamemtoa."

"Nani amtoe? Video ni ile ile."

"Mimi nakwambia hayumo."

Akasema hivyo kesho yake, na keshokutwa. Geuza alidhani kioo ni kidogo, akaongeza mwanga. Akadhani ni miwani, akaifuta. Akarudi kibandani, akafungua faili ya asili kwenye kompyuta, na mama yake huyo hapo, pembeni, amebana leso kwapani, anahesabu viti kwa kidole. Akaigeuza upya kwa uangalifu zaidi, kupitia Jaza kama kawaida. Mzee akaitazama hadi mwisho, akakiweka kitivii kifuani.

"Hayumo."

Ndipo Geuza alipokasirika. Hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana huwezi kumfokea baba yako aliyelala kwa ajili ya mama yako aliyekufa. Akaenda uani, akaifokea ndoo.

Jumapili kaka akaja na wifi kumjulia mzee hali. Geuza alikuwa ameomba kimoyomoyo yasizuke mazungumzo ya video, lakini mzee hakuwa na simile. Hata salamu hazijaisha vizuri akamshika mwanawe wa kiume mkono.

"Hiyo harusi yako ina kasoro," alisema. "Pale kwenye keki, mkono unatokea. Unamtengeneza bibi harusi shela, halafu unaondoka. Mwenye mkono haonekani."

Kaka akamtazama Geuza. Wifi akaitazama dari.

"Mkono wa nani, baba?"

"Ningemwona mwenyewe ningekwambia. Naona mkono tu."

Kaka aliinuka. Alimwomba dada yake amsindikize, na safari yao ikaishia kibandani. Huko akataka aione hiyo video kwa macho yake, kwenye kioo kikubwa. Geuza akaifungua ile ya asili kwenye kompyuta, akaipeleka hadi kwenye keki. Mama yao akaingia kutoka kushoto, mzima, na gauni lake la kijani, akamtengeneza mkwewe shela, akatoka.

"Si huyo?" kaka akauliza.

"Ndiye."

"Basi mwenye macho haambiwi tazama." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Anaona mikono isiyo na watu, mdogo wangu. Na wewe unashinda huku kutwa. Siku akiamka akaona mkono unamwita barabarani, itakuwaje?"

"Baba hana tatizo la kichwa. Ana tatizo la nyonga."

"Umeniwekea video wewe mwenyewe, nimemwona mama. Unataka nimwamini nani?"

Geuza akaizima kompyuta. Kaka akaamua kwa sauti ile ile anayoamulia mabomba: Jumamosi atakuja na gari, mzee ahamie kwake, kwenye kile chumba cha nyuma, nyumba ifungwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu na gari, na watu wa namna hiyo huamua haraka.

Mzee alipoambiwa aliuliza swali moja tu. "Nyumba yangu nimeikosea nini?"

Wiki hiyo Geuza alijaribu kumwokoa kwa njia mbaya. Alikaa kando ya kitanda akamfundisha baba yake kusema uongo.

"Kaka akikuuliza, sema umemwona mama."

"Nimemwona wapi?"

"Kwenye video, baba. Sema yumo. Neno moja tu, utabaki hapa."

"Niseme yumo na hayumo?"

"Kwani ukisema utapungukiwa nini?" Sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka. "Mimi namwona. Kaka anamwona. Wewe peke yako ndiye unayekataa. Unataka kuondoka humu?"

Mzee alipapasa ubao wa kitanda kwa kidole gumba, kitanda alichokichonga mwenyewe alipooa. "Labda nyinyi ndio mnaona vizuri," alisema.

Hakuwahi kusema hivyo maishani mwake, hata kwa daktari. Kuanzia siku hiyo akaacha kulalamika. Akiulizwa kama amekula anasema ndiyo, akiulizwa kama anaumwa anasema kidogo. Kitivii kikalala chini ya mto. Geuza, ambaye wiki nzima alitamani anyamaze, akaona ukimya huo ni mbaya kuliko kelele zote.

Jumamosi kaka akafika na pikapu ya kuazima. Godoro likapandishwa, likafuatwa na kiti na sanduku la nguo. Mzee alikuwa amevaa koti, ameketi ukingoni mwa kitanda kitupu, magongo yake kando, anatoa maagizo ya mwisho.

"Mlango wa nyuma huvimba wakati wa mvua," alisema. "Msiulazimishe. Usubirini ukauke."

Geuza akakiona kitivii pembeni yake, kimezimwa, na hasira ya wiki nzima ikampanda upya. Akaketi kando ya baba yake, akakiwasha.

"Baba, kabla hatujatoka nitakuonyesha mama kwa kidole changu mwenyewe. Sitaki ufike kwa wifi uanze tena."

"Acha tu, mwanangu. Nimeshakubali."

"Sitaki ukubali. Nataka uone."

Akaisogeza mbele mpaka kwenye keki. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama sehemu hiyo kwenye kitivii. Kote huko nyuma alikuwa ameitazama kwenye kioo kikubwa cha kibandani, video ya asili, na kumletea mzee nakala. Kaka yake na bibi harusi walisimama katikati, wanene na wazuri, wamejaza kioo chote. Kisu kikainuliwa. Kisha kutoka ukingoni kushoto ukatokea mkono.

Mkono tu, kuanzia kiwiko. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe. Ukainyoosha shela, ukaipapasa mara moja kama mtu anavyopapasa mto, ukarudi ulikotoka.

Geuza akarudisha nyuma, akatazama tena. Kitambaa hicho alikifunga yeye asubuhi ya harusi, mama yake alipojikata akimenya matunda. Akairudisha mwanzo kabisa. Palipokuwa na mama akipanga viti, palikuwa na miguu ya kiti ikiinuka yenyewe. Palipokuwa na mama akimfuta mtoto makamasi, mtoto alikuwa ameinua uso anafutwa na leso isiyo na mtu. Baba yake alionekana mahali akigeuka pembeni, akitabasamu na kufunga kifungo, na hakukuwa na aliyemnong'oneza.

Jaza. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, na masikio yakamwaka moto. Michirizi ya wateja! Kwa kuchoshwa na michirizi alikuwa amemkata mama yake mwenyewe, kisha akamwambia baba yake kwamba haoni.

Akatoka nje na kitivii mkononi. Kaka alikuwa anakaza kamba juu ya godoro.

"Kaka, usifunge."

"Nini tena?"

"Mama hayumo."

Kaka aliiachia kamba taratibu. "Na wewe umeanza?"

Hakumweleza barabarani. Alimvuta mkono hadi kibandani, akawasha kompyuta, akamwonyesha video mbili kwa pamoja, ya asili na iliyogeuzwa. Kaka aliutazama mkono. Akautazama tena. Kisha akavuta kiti cha wateja akakaa.

Geuza akaufuta mpangilio wa Jaza kabisa, asije akajaribiwa, akaanza upya: picha nzima, na michirizi yake. Mstari ukaanza kutambaa. Haukuwahi kutambaa polepole hivyo. Wakati wanasubiri, mwanamume mmoja akachungulia akiwa na kitivii chake.

"Fundi, kuna picha hapa naona kama..."

"Nenda kwa kinyozi," Geuza akamwambia.

"Sitaki kunyoa."

"Nenda hivyo hivyo."

Mstari ukafika karibu na mwisho ukakaa, kama ada yake. Ndugu wawili wakautazama.

"Kwa hiyo muda wote huu alikuwa anaona sawasawa," kaka akasema.

"Alikuwa anaona sawasawa. Aliona kilichokuwepo. Sisi ndio tuliokuwa tunatazama kingine."

Mstari ukaisha.

Mzee walimkuta pale pale ukingoni mwa kitanda, na koti lake, kama msafiri aliyesahauliwa kituoni. Geuza akamwekea kitivii mkononi, akakaa sakafuni karibu na magoti yake. Kaka akabaki amesimama mlangoni. Picha sasa ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya weusi wa juu na weusi wa chini, na watu ndani yake walikuwa wadogo kama punje. Mzee akakisogeza karibu na pua.

Walijua amefika kwenye viti kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka.

"Huyo," alisema.

Kwenye keki alicheka kidogo puani. Geuza akaona amwombe radhi kabla haijafika mwisho, akaanzia alipoweza.

"Baba, hiyo michirizi myeusi, ukitaka nitatafuta namna ya..."

"Michirizi gani? Hiyo ni fremu." Hakuinua macho. "Mlango ukigoma kuingia kwenye fremu, hukati mwenye nyumba."

"Nilikosea, baba. Nilimkata mwenyewe, halafu nikakwambia useme uongo."

Mzee alikuwa amefika kwenye kifungo. Mkewe akamsogelea pembeni mwa picha, akamnong'oneza, naye, kijana zaidi na mwenye meno yote, akatabasamu akakifunga. Mkono wake wa leo ukapanda wenyewe hadi kwenye koti, ukakigusa kifungo cha juu.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Nilianza kufikiri pengine hakuwepo siku hiyo. Kisha nikaanza kufikiri siku zingine."

Geuza aliinamisha kichwa kwenye goti la baba yake. Kaka alikuwa bado mlangoni, ameushika ubao wa fremu, kisha akatoka nje, na baadaye kidogo wakasikia kamba ikifunguliwa kwenye godoro.